Unauza taa za mkanda? Uliza haya kabla ya kupokea hela

Leo tuongelee zile taa za mkanda zinazobadilika rangi. Sikukuu zikikaribia kila mtu anazitaka: saluni, baa, duka la simu, hadi kabati la keki. Zinalipa, ila ni bidhaa inayorudi sana kama muuzaji hajui anachouza. Naongea kwa kuumia.

Nilimuuzia dada mmoja wa saluni hapa Kiabakari mita 10, nikampa na adapta niliyokuwa nayo, ya ampea 3. Usiku uleule akanitumia video. Mwanzo wa mkanda nyeupe safi, mwisho wekundu-wekundu, na adapta haishikiki kwa moto. Nikarudisha hela yote na boda nikalipa mimi. Mkanda ulikuwa mzima kabisa, hesabu yangu ndiyo ilikuwa mbovu.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkanda wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita, zile zinazoandikwa 5050, unakula karibu wati 14 kwa mita ukiwaka mweupe kwa nguvu zote. Mita 5 ni wati 70. Gawa kwa 12 unapata karibu ampea 6, kwa hiyo mpe mteja adapta ya 8 au 10 ili isifanye kazi kwa pumzi ya mwisho. Mita 10 zinataka ampea 12. Mimi nilitoa 3!

Na ule wekundu? Nyeupe ya mikanda hii inatokana na nyekundu, kijani na bluu kuwaka pamoja. Nyekundu inahitaji volti 2 hivi, wenzake karibu 3. Umeme ukipungua njiani, nyekundu ndiyo inabaki. Dawa yake ni kutounga mita 10 kwa mstari mmoja. Fundi avute waya mnene kutoka kwenye adapta aulishe mkanda na upande wa mwisho pia.

Sasa kuna kundi la pili, na hapa ndipo wengi tunachanganya. Mkanda wa kawaida wenye rimoti unabadilika rangi wote kwa pamoja. Mkanda wa kuprogramu kila taa ina amri yake, ndiyo maana rangi zinakimbia kama maji. Ndani ya kila taa kuna chipu: inachukua amri yake, nyingine inaipitisha kwa jirani. Kwa hiyo taa moja ikifa, zinazofuata nazo zinaweza kuzima. Mteja akisema "nusu imekufa", usimwambie atupe. Fundi akate ile mbovu, aunge. Na mshale uliochorwa kwenye mkanda uelekee mbali na kontrola. Ukigeuza, hakiwaki kitu.

Aina maarufu ni WS2812B, inatumia volti 5. NARUDIA, volti 5. Mteja akiiweka kwenye adapta ya 12 inaungua papo hapo. Geuza mkanda usome: ukiona "12V, R, G, B" ni wa kawaida, ukiona "DIN" ni wa kuprogramu. Huu wa volti 5 ni mlafi pia. Mita 5 za taa 60 kwa mita zikiwaka nyeupe kamili zinaweza kufika ampea 18. Mteja anayependa kuchezea kwa simu mwambie kuna WLED, programu ya bure inayowekwa kwenye kibodi kidogo cha ESP32.

Kwa wateja wa sola kule vijijini Butiama na Bunda, mkanda wa volti 12 ndio rafiki yao, maana unatumia betri moja kwa moja. Ila ampea 6 kwa saa 5 ni 30, na betri ya maji haitakiwi kumalizwa zaidi ya nusu. Aanze na ya 60 kwenda juu, au apunguze mwanga.

Volti 12 haipigi shoti ya kuogopwa, lakini waya mwembamba ukipitisha ampea nyingi unayeyuka na unaweza kuwasha moto. Upande wa adapta unaopokea 230 ya TANESCO, aunge fundi umeme. Hilo liandike kwenye tangazo.

Kwenye tangazo weka pia volti, idadi ya taa kwa mita, kama linavumilia mvua, na kama adapta imo. Mteja akikuandikia "bei gani boss?", kabla ya bei muulize mita ngapi, ndani au nje, umeme au sola.

Na kabla hujapeleka stendi, washa roli zima kwa dakika 10 ukichukua video, halafu funga bila kulikunja kwa pembe, maungio yanakatika. Ile video itunze mpaka mteja athibitishe taa zimewaka kwake.