Haki ya Njia: Mwenye Baiskeli na Aendaye kwa Miguu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu yangu, ya kuwa hapa kwetu Mkata, pale njia ya Handeni iachanapo na barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, watu wa miguu na wenye baiskeli hupita ukingo mmoja. Alfajiri moja mzee mmoja alikuwa akirudi kutoka msikitini. Kijana mwenye baiskeli iliyopakiwa magunia ya makaa akaja nyuma yake, akapiga kengele, akapita. Gunia likamkumba mzee, akaanguka, kanzu ikararuka na mkono ukateguka. Kijana akasema, "Mimi sina neno, kengele nimepiga." Naye mzee masikio yake ni mazito. Wakaniletea shauri hilo chuoni.

SWALI: Je, kengele yamtoa kijana katika dhamana?

JAWABU: Haimtoi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ametaja katika Minhaji mas'ala ya mtu achukuaye kuni mgongoni mwake au juu ya mnyama. Akiingia nazo sokoni penye msongamano, zikaharibu nafsi au mali, yampasa kulipa. Pasipo msongamano, nguo ikipasuka, halipi, ila nguo ya kipofu na ya mtu aliyempa mgongo. Hao hawamwoni, na ni wajibu wake kuwatanabahisha. Basi mwenye baiskeli na mzigo wake tumpime kwa kipimo hicho. Mzee alikuwa amempa mgongo, na mlio usiosikiwa hautanabahishi mtu. Wala asiseme, "Sikukusudia." Kukosea huondoa dhambi, hakuondoi dhamana.

Kengele, ndugu yangu, haina maana ya "Ondoka!" Maana yake ni "Niko nyuma yako." Ukiona aliye mbele hakugeuka, punguza mwendo, asipogeuka tena, shuka uikokote. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha ya kuwa aliyepanda ndiye amwanzaye kwa salamu aendaye kwa miguu. Wanazuoni wamesema, hekima yake ni kuvunja kiburi cha aliye juu.

Nawe uendaye kwa miguu, usidhani huna lako. Kuondoa cha kuudhi njiani ni katika matawi ya imani. Basi watu watatu waendao sambamba kwa mazungumzo hata wakaziba njia, hao wenyewe wamekuwa cha kuudhi. Mwenye mzigo mzito hawezi kusimama ghafula; mpishe kando, na uitikie salamu yake.

Kijana alisikia, akalipa kanzu. Maumivu ya mkono, mzee alimsamehe kwa ajili ya Mungu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watu wa kupishana kwa wema. Amin. Wallahu aalam.