Papa, Simba, na Hesabu ya Waliouawa

Msafiri akatapo tikiti ya basi River Road, Nairobi, aende Mombasa, hupita Tsavo kabla ya kuiona bahari. Njiani hakosekani abiria wa kusimulia habari za simba walioua watu 135, na mwingine akaongeza habari za papa. Je, habari za namna hii huhakikishwaje?

Habari za papa duniani hukusanywa katika daftari moja kubwa lililoanzishwa mwaka wa 1958, ambalo sasa limo katika nyumba ya makumbusho ya Florida, Marekani. Kuandikwa gazetini hakutoshi. Aliyeumwa huulizwa, na mashahidi na daktari pia. Jeraha nalo hutazamwa, kwa kuwa meno huacha alama. Kisha huulizwa kama mtu ndiye aliyeanza. Mvuvi aliyeumwa alipokuwa akimtoa papa wavuni haandikwi pamoja na mwogaji aliyeshambuliwa bila kumgusa. Wala maiti ya mtu aliyekwisha kufa maji, hata ikiliwa, haihesabiwi kuwa imeuawa na papa.

Simba wa Tsavo hawakupata daftari kama hilo. Katika mwaka wa 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa daraja la reli, hata Bwana Patterson akawapiga risasi mwezi wa Desemba. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1907 alitaja Wahindi 28, pamoja na Waafrika wengi ambao hawakuandikwa popote. Mwaka wa 1925 akasema jumla ni 135. Ngozi na mafuvu yalikuwa yamekwisha kuuzwa Chicago, na huko, mwaka wa 2009, wataalamu walitangaza kwamba mifupa na nywele vilionyesha chakula cha simba hao: yapata watu 35. Lakini nywele haziwezi kumtaja mtu aliyeuawa asiliwe. Basi hata hesabu hiyo haikumaliza ubishi. Kabila na majina ya wale Waafrika hayatapatikana katika mfupa.

Jambo hili si la zamani tu. Sheria ya Kenya ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya shilingi 5,000,000 kwa ajili ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini wa aina zilizotajwa humo. Jamaa za marehemu hupeleka madai, na kamati ya kaunti huyachunguza kwanza, ndipo fedha ziombwe.