Kiingereza Bila Kupitia Kifaransa: Somo kwa Mwanafunzi wa Kamina

Makala hii inauliza swali moja: mwanafunzi wa Kamina, ambaye tayari anazungumza Kiluba, Kiswahili na Kifaransa, apite njia gani ili azungumze Kiingereza kwa ufasaha? Jibu langu ni kwamba tumezoea kupita mlango mmoja tu, yaani Kifaransa, na mara nyingi mlango huo unatuchelewesha. Kuna sehemu za sarufi, za msamiati na za matamshi ambamo Kiswahili, na hata Kiluba, viko karibu na Kiingereza kuliko Kifaransa. Nitaeleza sehemu hizo kwa mifano. Nitaeleza pia pale ambapo Kifaransa kinasaidia kweli, ili hoja isiwe ya upande mmoja.

1. Lugha ya pili, au ya tano?

Vitabu vya isimu tumizi husema "lugha ya pili" kana kwamba kila mtu ana lugha moja tu kabla ya kuanza kujifunza nyingine. Kamina haiko hivyo. Mtoto wa hapa hukuta Kiluba nyumbani. Akienda sokoni au kwenye stesheni ya reli, anakuta Kiswahili. Karibu na kambi kubwa ya kijeshi anasikia Kilingala, kwa sababu ndiyo lugha ya jeshi. Darasani anakutana na Kifaransa. Kiingereza kinakuja mwisho, katika shule ya sekondari, na kinafundishwa kwa Kifaransa.

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, yaani Kiluba cha Kasai. Kiluba chetu cha Katanga hakimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, ndicho ambacho wengi wetu tulianza nacho kufikiri.

Jambo la kuzingatia ni hili. Wengi wetu tulipata ufasaha wa Kiswahili bila kitabu cha sarufi na bila mwalimu. Tulikihitaji ili tununue, tucheze, tugombane na tupatane. Basi mtu wa Kamina hapaswi kujiuliza kama ana uwezo wa kuwa fasaha katika lugha isiyo ya mama yake. Uwezo huo ameshauonyesha kabla ya kufikisha miaka kumi. Anachopaswa kujiuliza ni kwa nini uwezo huohuo unalala pindi anapoingia katika somo la Kiingereza.

2. Kiingereza si mgeni Katanga

Tunakizungumzia Kiingereza kana kwamba kimefika juzi. Historia inasema vingine. Reli ya kwanza kufika Elisabethville, leo Lubumbashi, ilitoka kusini, katika Rhodesia ya Waingereza, mwaka 1910. Migodi ya mwanzo ilikuwa na wafanyakazi na wasimamizi wengi waliotoka upande huo. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, anaonyesha kwamba hofu ya ushawishi wa Waingereza ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya wakoloni wakipe Kiswahili nafasi huku Katanga. Kwa maneno mengine, Kiswahili na Kiingereza vimekuwa majirani katika nchi hii kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwaka 1915 wamisionari wawili Waingereza, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, katika eneo la Malemba-Nkulu. Hapo aliyekuwa mwanafunzi ni Mwingereza, na lugha ya kujifunza ilikuwa Kiluba. Burton alikaa miaka mingi kati ya Waluba, akaandika kuhusu dini na desturi zao kitabu kilichochapishwa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1961. Mtu kama huyo hakupata Kiluba kwa kuhesabu minyambuliko ubaoni. Alikipata kwa sababu bila Kiluba kazi yake isingewezekana.

3. Nyakati: Kiswahili kinatofautisha kama Kiingereza

Robert Lado, mwaka 1957, alipendekeza kwamba ili kujua matatizo ya mwanafunzi tulinganishe lugha yake na lugha anayojifunza. Larry Selinker, mwaka 1972, aliongeza kwamba mwanafunzi hujijengea mfumo wake wa muda, ambao tunaweza kuuita lugha-kati, na kwamba makosa yake yana utaratibu. Tufanye ulinganisho huo, lakini kwa lugha zetu zote.

Kifaransa cha mazungumzo kina umbo moja, "j'ai mangé", kwa maana mbili. Ndiyo maana wanafunzi wengi husema 'I have eaten yesterday', maana wametafsiri "j'ai mangé hier". Kiswahili sanifu kina maumbo mawili:

Nimekula. — 'I have eaten.'
Jana nilikula. — 'I ate yesterday.'

Anayejua kwamba "jana nimekula" haikai vizuri katika Kiswahili sanifu, ameshajua kwa nini 'I have eaten yesterday' haikai vizuri katika Kiingereza.

Tuangalie pia "j'habite ici depuis cinq ans". Anayepitia Kifaransa husema 'I live here since five years'. Lakini Kiswahili husema "nimekaa hapa miaka mitano", na Kiingereza 'I have lived here for five years'. Kiambishi -me- kinatupeleka moja kwa moja kwenye 'have'.

Tahadhari ipo. Vitenzi vya hali havifuati kanuni hii: "amechoka" ni 'he is tired', na "amesimama" ni 'he is standing'. Hapo -me- inaonyesha hali iliyopo sasa, na Kiingereza hutumia 'is'.

Kwa tendo linaloendelea, Kiswahili cha mtaani kwetu kinatusaidia kuliko hata kile cha vitabuni. Kifaransa husema "je lis", iwe ninasoma sasa hivi au ni mazoea yangu. Sisi husema "niko nasoma". Tazama umbo lake: "niko", halafu kitenzi. Ni muundo uleule wa 'I am reading'. Na kwa mazoea Kiswahili sanifu kina hu-: "husoma kila jioni", 'I read every evening'. Hiki ndicho Kiswahili ambacho mara nyingi tunaambiwa kimeharibika. Kwa mwanafunzi wa Kiingereza, ni mali.

4. Maneno: kuomba, kuuliza, kudai

Mfano huu nauona kuwa mzito kuliko yote, kwa sababu unaweza kumnyima mtu kazi. Kifaransa kina kitenzi "demander" kwa kuuliza na kwa kuomba. Mwanafunzi anayeandika barua ya kuomba kazi au ufadhili wa masomo anafikiri "je demande", kisha anaandika 'I demand'. Msomaji wa Kiingereza haoni ombi. Anaona mtu anayedai.

Kiswahili kingemwokoa. Kina "kuuliza", "kuomba" na "kudai", vitu vitatu tofauti. "Kuuliza" ni 'to ask'. "Kuomba" ni 'to ask for' au 'to request'. "Kudai" ndiyo 'to demand'. Hakuna Mluba anayejua Kiswahili ambaye angeandika "nadai kazi kwenu" katika barua ya heshima. Kosa hilo analifanya akiwa amesahau, kwa dakika moja, lugha anayoijua vizuri zaidi.

Kuna mengine ya aina hiyo. "Librairie" ni duka la vitabu, lakini 'library' ni maktaba. "Actuellement" ni kwa sasa, lakini 'actually' ni kwa kweli. Na "j'aime la musique" huzaa 'I like the music', wakati "napenda muziki", bila kitu mbele ya nomino, inalingana kabisa na 'I like music'.

5. Sauti

Kiingereza huandika 'think' na 'this' kwa herufi zilezile, th, lakini sauti ni mbili. Kifaransa hakina hata moja kati yake. Kiswahili sanifu kinazo zote, na kinaziandika tofauti: th ya "thamani" ndiyo ya 'think', na dh ya "dhahabu" ndiyo ya 'this'. Ni kweli kwamba mtaani Kamina wengi hutamka th kama s au t. Lakini mwanafunzi wa kitivo cha lugha aliyejifunza Kiswahili sanifu ameshafanya nusu ya kazi. Vilevile mwisho wa 'sing' ni sauti ya ng' katika "ng'ombe".

Kiluba nacho kina zawadi yake. Ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti huweza kutenganisha maneno. Kina pia irabu fupi na ndefu. Sikio lililokulia katika Kiluba limezoea kusikiliza mambo ambayo Kifaransa hakiyatumii kutofautisha maana. Mkazo wa Kiingereza huhama: 'record' ikiwa nomino hukazwa mwanzoni, ikiwa kitenzi hukazwa mwishoni. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, Kifaransa hukaza mwisho wa kundi la maneno, na kwa hiyo vyote viwili vinatupotosha hapa. Sikio la Kiluba halishangai.

6. Pale Kifaransa kinaposaidia, na pale lugha zetu zinapodanganya

Haki itendeke. Maneno mengi sana ya Kiingereza yametoka katika Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mwanafunzi wetu akifungua kitabu cha sheria au cha historia kwa Kiingereza, Kifaransa kinamfungulia maneno ambayo Kiswahili hakiwezi. Kifaransa pia kina irabu dhaifu, kama ile ya "le", ambayo Kiingereza huitumia kila mahali na ambayo Kiswahili na Kiluba hazina. Sisi hutamka kila irabu kwa ukamilifu, na hapo Kiingereza chetu huwa kizito.

Kuna pia pale ambapo lugha zote zinatusukuma shimoni pamoja. "Nina miaka 24" na "j'ai 24 ans" zote hutumia "kuwa na", lakini Kiingereza husema 'I am 24'. "Nina njaa" na "j'ai faim" ni hivyohivyo: 'I am hungry'. Na "mama yake" haisemi kama mwenye mama ni mume au mke. Tukikimbilia "sa mère", tunasema 'her mother' hata kwa mvulana, kwa sababu Kifaransa hufuata jinsia ya mama, na Kiingereza hufuata jinsia ya mtoto.

Kwa hiyo simwambii mtu akitupe Kifaransa. Nasema kila lugha ipewe kazi inayoiweza: Kifaransa kwa kusoma na msamiati wa kitaaluma, Kiswahili kwa nyakati, kwa adabu ya kuomba na kwa mazungumzo, Kiluba kwa sikio.

7. Mazoezi

Zoezi la kwanza. Chukua kitenzi kimoja, ukitembeze bila kupita Kifaransa: "niko nakula", "nimekula", "jana nilikula", "nilikuwa nakula alipoingia". Sema Kiingereza chake kwa sauti: 'I am eating', 'I have eaten', 'I ate yesterday', 'I was eating when he came in'. Kesho chukua kitenzi kingine.

Zoezi la pili. Sikiliza habari mara mbili. BBC imekuwa na matangazo ya Kiswahili tangu 1957. Pata habari moja kwa Kiswahili, kisha itafute habari hiyohiyo kwa Kiingereza siku hiyohiyo. Ukishajua nani kafanya nini na wapi, masikio yanabaki na kazi moja tu ya kusikiliza lugha.

Zoezi la tatu. Msimulie mwenzako jambo moja unalolijua, mathalani safari ya treni hadi Lubumbashi, kwa dakika nne. Msimulie mwingine jambo hilohilo kwa dakika tatu, na wa tatu kwa dakika mbili. Merrill Swain alieleza mwaka 1985 kwamba kusikia peke yake hakutoshi. Anayelazimika kusema ndiye anayegundua kinachompungukia. Wenzako wasikucheke, nawe usiwacheke. Darasa linalocheka matamshi ya mtu hufundisha watu kunyamaza.

Zoezi la nne. Pamoja na kamusi ya Kifaransa na Kiingereza, tafuta zile za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam: ya Kiingereza-Kiswahili ya mwaka 1996 na ya Kiswahili-Kiingereza ya mwaka 2001.

8. Hitimisho

Nchi yetu imo katika SADC tangu 1997 na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Mikutano, biashara na masomo katika jumuiya hizo vinahitaji Kiingereza, na mara nyingi Kiswahili pia. Lakini sababu yangu kubwa iko karibu zaidi. Wengi wetu katika kitivo hiki tutakuwa walimu wa Kiingereza Bukama, Kabongo, Kaniama, Malemba-Nkulu au hapahapa Kamina. Tutasimama mbele ya watoto ambao Kifaransa chenyewe bado wanakihangaikia. Tukiwaeleza Kiingereza kwa Kifaransa tu, tutawajengea kuta mbili badala ya moja, na atakayeshindwa kuruka ukuta wa kwanza tutasema hana kipaji cha Kiingereza.

Ombi langu kwa wahadhiri wetu ni dogo: katika kila somo la sarufi ya Kiingereza, zoezi moja litoke katika Kiswahili. Kwa wanafunzi wenzangu: safari nyingine mtakapotafuta sentensi ya Kiingereza, jiulizeni kwanza mngeisemaje sokoni.