NDEGE WA MAWE: MKAZI WA VILIMA VISIVYOLIMWA

Katika Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, ardhi yenye rutuba hulimwa mahindi na kahawa. Vilima vya mawe na nyasi huachwa, navyo hudhaniwa kuwa havina faida. Lakini mahali pa namna hiyo ndipo makao ya ndege mdogo ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Emberiza tahapisi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1836 na Andrew Smith, daktari Mskochi aliyechunguza wanyama wa kusini mwa Afrika. Katika somo hili ataitwa ndege wa mawe.

Umbo lake

Urefu wake ni kama sentimita 15, yaani karibu sawa na shomoro. Tumbo na kifua vina rangi ya mdalasini. Kichwa cha dume ni cheusi chenye michirizi myeupe. Cha jike kimefifia. Mgongo wenye michirizi ya kahawia na nyeusi humficha anapotulia juu ya mwamba.

Chakula chake

Mdomo wake mfupi na mnene hufaa kupasua mbegu za nyasi, ambazo huziokota chini katikati ya mawe. Hula pia wadudu. Kwa kuwa mbegu kavu zina maji machache, hulazimika kwenda kunywa.

Kuzaa kwake

Huzaa zaidi majira ya mvua na muda mfupi baada yake, nyasi zinapotoa mbegu. Kiota chake ni kikombe cha nyasi kilichowekwa ardhini, kando ya jiwe au shina la nyasi. Jike hutaga mayai 2 hadi 4. Mayai huatamiwa kwa muda wa majuma 2 hivi, na makinda hukaa kiotani majuma 2 mengine.

Basi kwa muda wa mwezi mmoja hivi uzao wake hauwezi kukimbia. Jiwe huukinga na jua na upepo, lakini haliuzuii moto. Moto uwashwapo bondeni hupanda mlima upesi. Ndege mzima huruka, yai haliruki. Moto huohuo ukipita baada ya makinda kuondoka, huacha ardhi wazi ambamo mbegu huonekana kwa urahisi. Hivyo madhara ya moto hutegemea sana wakati wake.

Zoezi

1. Wanafunzi wa Itaka na kwingineko wachague kilima kimoja, waandike kila mwezi hali ya nyasi na ndege waliowaona. Viota visiguswe.

2. Eleza kwa nini kuchoma nyasi mara tu mvua zinapokwisha kunaweza kupunguza idadi ya ndege hawa mwaka unaofuata.