Dondoo muhimu: Kabureta ya Mini ya zamani

• Anza na injini. Mini ya 1959, yenye cc 848, ilitoka kiwandani na kabureta moja ya SU HS2, ya inchi 1.25. Kwa injini ya cc 1,275, HS4 ya inchi 1.5 inatosha.

• Usikimbilie kubwa. Ikizidi injini, gari husitasita ukikanyaga mafuta.

• Ukinunua kuukuu, tikisa shafti ya kipepeo. Ikicheza, inavuta hewa pembeni na muungurumo hautatulia.

• Kabureta mbili lazima zilinganishwe. Moja ni rahisi kutunza.

• Ukibadilisha eakilina au ekzosti, huenda ukahitaji sindano nyingine ya kabureta. Chungulia plagi: masizi meusi, petroli imezidi; weupe, imepungua.

Ukiwa na shaka, rudishia ya kiwandani.