Dondoo muhimu: Wawili melini, bahari ya Karibi

Viza kwanza. Meli nyingi za Karibi huanzia Miami au Fort Lauderdale na kurudi huko huko, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja. Chukueni pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Visiwa kama Jamaika hukidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Nauli hushuka, lakini nahodha anaweza kubadili njia mkakikosa kisiwa mlichokitamani.

Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, hakiyumbi sana. Anayeshikwa na kichefuchefu cha bahari ameze dawa kabla meli haijang'oa nanga.

Simu ziwekeni hali ya ndegeni: mtandao wa setilaiti hula pesa bila kubisha hodi. Kadi ya chumba nayo ni hivyo hivyo. Vinywaji, picha na bakshishi za wahudumu hujumlishwa humo kwa dola, basi kagueni hesabu pamoja kila jioni, kabla deni halijazua ugomvi.

Mkishuka bandarini, fuateni saa ya meli; mara nyingine hailingani na ya kisiwani. Mkichelewa itaondoka, na gharama ya kuifuata hadi bandari ya mbele ni yenu.

Na msiandamane kutwa nzima, chumba ni finyu. Mmoja akapige mbizi, mwingine asome kitabu sitahani. Jioni mezani mtakuwa na mengi ya kusimuliana.