Kabati la Chatu Likinuka, Bado Halijawa Tayari

Wadogo zangu, wengi mlioniandikia safari hii mko Marekani, mnafuga Python regius, yule chatu mdogo mpole wa Afrika Magharibi na Kati ambaye makazi yake yanafika hadi Uganda. Mnataka kujitengenezea makabati yake, na nyote mmeuliza mnunue ubao gani. Tutafika huko. Kwanza niwaambie jambo ambalo hakuna aliyeliuliza: mtapaka nini juu ya huo ubao, na mtasubiri kwa muda gani.

Nyoka hana kiwambo kama chetu cha kumsaidia kukohoa. Mapafu yake yakishaharibika, kuyatibu ni kazi kubwa. Halafu unamfungia kwenye sanduku lenye nyuzi 32 za Selsiasi upande wa joto, na joto hilo hilo ndilo linalofukuza mvuke wa vanishi kutoka kwenye mbao. Wewe utafungua dirisha au utatoka nje. Yeye atakwenda wapi?

Kwa plaiwudi, tafuta poliyurethani ya maji. Paka nyembamba mara tatu au nne, na kila inapokauka piga msasa laini kabla ya kurudia. Baada ya saa chache utagusa uone imekauka, nawe utadhani umemaliza. Hujamaliza. Kukauka ni jambo moja, kukomaa ni jingine, na kukomaa huchukua wiki kadhaa. Soma maelezo ya kopo, kisha kama una nafasi mpe mwezi mzima. Vanishi ya mafuta nayo ni imara, ila harufu yake ni kali na inakawia zaidi. Mimi singeipaka ndani.

Silikoni ya kuzibia kona iwe silikoni tupu, asilimia 100. Ile inayonuka siki inafaa: harufu hiyo ni asidi ya asetiki inayotoka wakati silikoni inakomaa, na hatimaye huisha kabisa. Ile ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia kuvu iache dukani, kwa sababu imetiwa dawa ya kuua kuvu. Jueni pia kwamba silikoni hukomaa kwa unyevu wa hewani. Nyumba iliyowashwa hita majira ya baridi ina hewa kavu, kwa hiyo silikoni itakawia kuliko ulivyozoea, hasa ukiwa umeimwaga nene. Na vanishi itangulie, silikoni ifuate, maana rangi haishiki juu ya silikoni.

Sasa ubao. Melamini inavutia kwa sababu uso wake ni mweupe na unafutika, lakini chini ya uso huo ni chipbodi. Angalia pale msumeno ulipopita, angalia tundu la skrubu, angalia tundu ulilotoboa kupitisha waya. Hapo ndipo maji ya bakuli yanapoingilia, na chipbodi ikishayanywa huvimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai, wala hairudi tena. Ziba kila ukingo uliokatwa kabla hujaunganisha vipande, hata ule wa chini usioonekana. Tena melamini ni nzito: bamba la futi 4 kwa 8 lenye unene wa milimita 19 hupita kilo 40, kwa hiyo tafuta mtu wa kukusaidia kubeba.

Kwa maoni yangu, melamini inafaa rafu za droo za plastiki tu, maana huko unyevu unabaki ndani ya droo. Kwa kabati ambalo chatu anatambaa juu ya ubao wenyewe, mwenye uwezo anunue mabamba ya PVC: mepesi, hayaozi, yanatunza joto, na yanataka kuzibwa kwenye maungio tu. Ubaya wake ni bei, na hulainika yakipata moto mwingi, kwa hiyo thamostati si ya hiari. Asiye na uwezo achukue plaiwudi na awe na subira ya vanishi.

MDF msiiguse. Mbao zenye harufu nazo hapana: mierezi, mkafuri, na mtarakwa wetu, ambao Tanzania huitwa mwangati. Mafuta yale yanayofukuza wadudu kabatini hayamfai nyoka. Nguzo na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ziende kwenye uzio.

Mnaojenga rafu, nunueni droo kwanza ndipo mpime. Nafasi kati ya mdomo wa droo na ubao wa juu isizidi milimita 3 hivi, la sivyo mtoto wa chatu atapenya. Utepe wa joto upite nyuma, uunganishwe na thamostati.

Kila kitu kikishakamilika, washa joto, funga mlango, acha kutwa nzima bila mnyama. Kisha fungua na uingize kichwa. Ukisikia harufu yoyote, rudia wiki ijayo.

Na walio nyumbani Kenya: kabla ya msumeno, nendeni Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumweka nyoka wa porini bila kibali, hata kabati lake liwe zuri namna gani.